Miaka thelathini kwenye vipokezi: jibu kwa mwanafunzi wa Kadutu

Swali: "Jambo Mama Prof. Mimi ni mwanafunzi wa farmasia hapa Bukavu, naishi Kadutu. Kwenye kozi ya famakolojia tulisomewa habari za mtafiti aliyemaliza zaidi ya miaka thelathini akichunguza vipokezi vya nyuropeptidi. Ametengeneza molekuli kwa mamia, na hakuna hata moja iliyofika kwenye famasi. Wenzangu walicheka. Mimi nilibaki na maswali. Watu kama hao wanafanya nini miaka yote hiyo? Mtoto wa huku, na labo zetu unazijua, anaweza kuingia kazi hiyo? Halafu koko yangu mzaa mama, kule Kabare, anajua majani wanayopewa wamama wakati wa uchungu. Je, hayo yanaingia wapi katika mambo haya?"

Jibu: Mwanangu, wenzako walicheka kwa sababu walihesabu dawa. Katika kazi hii dawa huja mwisho kabisa, tena kwa mikono ya watu wengi ambao aghalabu hawajuani. Maswali yako ni matatu na sitayapa urefu ulio sawa. La majani ya koko nitaliweka mwisho kwa sababu ndilo lenye nyama kuliko unavyodhani.

Kwanza msingi, kwa ajili ya wasomaji wasio wa farmasia. Nyuropeptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino ambao seli ya neva huutoa ili kuipa seli nyingine habari: maumivu, njaa, usingizi, kichefuchefu, uchungu wa kuzaa, maziwa kushuka. Kwa mamalia zinajulikana zaidi ya 100. Nyingine ni fupi sana. Enkefalini, ambayo John Hughes na Hans Kosterlitz waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe huko Aberdeen mwaka 1975, ina asidi amino tano tu, na inakaa kwenye vipokezi vilevile vinavyopokea mofini. Kipokezi chenyewe ni protini iliyopita kwenye utando wa seli mara saba, ndani na nje, kama uzi wa fundi cherehani kwenye kitambaa. Upande wa nje pana mfuko ambamo peptidi hukaa. Ikikaa, protini nzima hujipinda kidogo, na upande wa ndani protini nyingine, iitwayo protini G, huamka na kuanzisha kazi. Binadamu ana vipokezi vya ukoo huu karibu 800, nusu yake vya kunusia, na karibu theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa hupitia hapo. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2012 kwa kuchambua jinsi ukoo huo unavyofanya kazi.

Sasa ugumu. Peptidi ukiimeza, tumbo huimeng'enya sawa na protini yoyote. Ukiichoma kwa sindano, vimeng'enya huikata ndani ya dakika chache. Ikiponea hapo, ubongo umezungukwa na kizuizi ambacho peptidi nyingi hazikivuki. Kwa hiyo mwanakemia hutafuta molekuli ndogo, isiyofanana na peptidi hata kidogo, lakini ikae kwenye mfuko uleule. Wakati mwingine mimea ilitutangulia: mofini ilitolewa kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, na enkefalini ikajulikana 1975. Tirosini, asidi amino ya kwanza ya enkefalini, ina pete ya fenoli na naitrojeni. Tazama mofini, vyote viwili vimo. Kwa peptidi nyingine nyingi hakuna mmea uliotusaidia, na mtu huanza na karatasi tupu.

Nikupe maisha ya mtafiti mmoja uone. Mwaka 1931 Ulf von Euler na John Gaddum, wakiwa London, walipata kwenye utumbo na ubongo wa farasi kitu kinachoshusha presha ya damu na kubana utumbo. Wakakiita Dutu P. Miaka 40 kikabaki unga ambao hakuna aliyejua umeundwa na nini. Susan Leeman, Mmarekani, hakuwa akikitafuta. Alikuwa akitafuta homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi ya pituitari wakati wa msongo, kwenye hipothalamasi za ng'ombe, yaani sehemu ya chini ya ubongo. Katika sehemu mojawapo ya dondoo lake aliona kwamba panya wakichomwa sindano wanatokwa mate mengi. Mtu mwenye haraka angeimwaga ile chupa, maana mate hayahusiani na alichokitaka. Leeman aliyafuata mate. Mwaka 1971 yeye na Michael Chang walitoa mpangilio kamili: asidi amino 11, na ilikuwa ndiyo Dutu P ya 1931. Mwaka 1973, pamoja na Robert Carraway, akatangaza nyuropeptidi nyingine, nyurotensini. Hiyo waliigundua kwa sababu ngozi ya panya iligeuka nyekundu. Ile homoni ya msongo aliyoanza kuitafuta ilipatikana 1981 na kundi lingine, la Wylie Vale. Uwaulize wenzako kama na huyu wanamcheka.

Baada ya mpangilio kujulikana, makampuni yaliingia kwa pupa. Dutu P ilikuwa inatolewa na neva za maumivu, kwa hiyo hesabu ilionekana rahisi: zuia kipokezi chake, kiitwacho NK1, na umepata dawa ya maumivu isiyo na uraibu. Mwaka 1991 watafiti wa Pfizer walitangaza molekuli ndogo ya kwanza isiyo peptidi inayokizuia, CP-96,345. Hapo pana jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Molekuli ile ilikishika vizuri kipokezi cha binadamu na cha simbilisi, lakini cha panya ilikishika kwa unyonge sana. Kipokezi kina jina lilelile na kazi ileile, ila asidi amino chache zimebadilika, basi. Fikiria mtu anayejaribu molekuli zake kwa panya peke yake: angeitupa iliyo bora na kubaki na dhaifu. Kufahamu hilo tu kulikula miaka ya watu, na hakukuzaa kidonge.

Kisha yakaja majaribio kwa wagonjwa, na dawa za NK1 hazikutuliza maumivu. Mwaka 1998 watafiti wa Merck walichapisha matokeo ya kutia moyo kwa wagonjwa wa sonona. Majaribio makubwa yaliyofuata hayakuthibitisha. Molekuli hiyohiyo, aprepitanti, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa jambo la tatu kabisa: kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaopata kemotherapia. Vizuizi vya NK3, kipokezi ndugu wa NK1, vilijaribiwa kwa skizofrenia bila mafanikio. Halafu mwaka 2009 wataalamu wa jeni walikuta familia ambazo vijana wake hawabalehe kwa sababu jeni ya NK3 au ya peptidi yake ina hitilafu. Ghafla ikaeleweka kwamba NK3 inagusa mfumo wa uzazi. Kampuni ndogo ya Gosselies, Ubelgiji, ilitengeneza molekuli inayokizuia; leo inaitwa fezolinetanti, na mwaka 2023 iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya joto la ghafla linalowasumbua wamama waliokoma hedhi. Mwishoni mwa 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiongezea onyo kali kuhusu ini. Ndivyo mambo yalivyo hata baada ya "kufanikiwa".

Maoni yangu: kosa kubwa la miaka ile lilikuwa kudhani kwamba kujua mahali peptidi inapokaa ni kujua kazi yake. Waliotuokoa ni wale wenye molekuli za mamia zisizofika famasi. Kila moja ilikuwa kipimo. Bila kizuizi kizuri, yaani molekuli inayokizuia kipokezi, huwezi kuthibitisha kwamba kipokezi fulani ndicho kinachohusika na jambo fulani, na nitakaporudi kwa majani ya koko utaona nina maana gani.

Unauliza wanafanya nini kutwa. Wengi wako katika makundi mawili, kemia na famakolojia, na siku zao hazifanani.

Kwenye kemia, mtu anajenga peptidi kwa njia ya Bruce Merrifield ya mwaka 1963, iliyompa Nobeli mwaka 1984. Asidi amino ya mwisho inafungwa kwenye punje ndogo za plastiki, kisha zilizobaki zinaongezwa moja moja kurudi nyuma hadi ya kwanza. Baada ya kila hatua unachota punje chache, unadondoshea ninhidrini, kemikali ya kupimia, na kupasha moto. Zikigeuka bluu, kuna ncha ambazo hazijaunganishwa, rudia. Zikibaki na rangi ya njano ya maji yenyewe, endelea. Ni kazi ya subira na ya kunusa vimumunyisho vibaya. Kwa Dutu P kuna mtego wake: mkia lazima uishie kwa amidi. Ukichagua punje zisizofaa, mkia unaishia kwa asidi ya kawaida, na kipokezi karibu hakiitambui tena. Uzito wa molekuli ni takriban dalton 1,348 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), na ile iliyoharibika inazidi kwa dalton moja tu. Mtu asiyesoma spektra yake, yaani mchoro wa kipimo cha uzito, kwa makini ataipeleka kwa mwenzake wa famakolojia, na huyo ataandika kwa uaminifu kabisa kwamba peptidi haifanyi kazi.

Kwenye famakolojia, trei yenye visima 96 iko mbele yako. Kila kisima kina utando wa seli zilizopandikizwa jeni ya kipokezi, pamoja na peptidi iliyotiwa iodini yenye mionzi. Unaongeza molekuli yako, kisima hadi kisima, kutoka kiasi kidogo mno hadi kikubwa. Kama inakishika kipokezi, inaifukuza ile yenye mionzi. Unachuja, unahesabu kilichobaki, unachora mchirizi wa grafu. Sasa, peptidi hupenda kunata kwenye plastiki. Usipoweka kidogo albumini, protini ya kuzuia kunata, sehemu kubwa itabaki ukutani mwa mrija, na wewe utahesabu kama uliimimina yote. Tena kukishika kipokezi na kukiamsha ni mambo mawili. Kuna molekuli inayokaa kwenye mfuko na kunyamaza, na kazi yake ni kuzuia wengine wasiingie. Ili kutofautisha, unapima kitu kinachotokea ndani ya seli, mfano kalsiamu inayopanda. Siku nzuri ni ile ambayo mchirizi wa leo umelala juu ya ule wa wiki iliyopita. Hakuna anayepiga makofi.

Kuna upande wa kemia ya dawa ambao huku kwetu unauona kwa macho, kwenye maternite, wanakojifungulia wamama. Oksitosini ni nyuropeptidi ya asidi amino tisa. Vincent du Vigneaud aliitengeneza kwa mkono mwaka 1953 na kupata Nobeli ya kemia mwaka 1955. Ndiyo sindano ya kwanza ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua. Tatizo lake ni joto: inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Sasa ipeleke Idjwi kwa boti, au Bunyakiri kwa pikipiki, kwenye kituo ambacho umeme ni wa bahati. Chupa inafika, lebo ni nzima, dawa iliyomo hakuna anayejua imebaki kiasi gani.

Wanakemia waliifanyia nini? Karbetosini ni oksitosini iliyoguswa mahali patatu. Wameondoa kundi la amino la mwanzoni, mahali ambapo vimeng'enya huanzia kukata. Kwenye daraja la salfa mbili linaloifunga pete, salfa moja imebadilishwa kuwa kaboni. Na tirosini imeongezewa metili. Oksitosini kwenye damu hupungua nusu kwa dakika chache. Hii huchukua dakika 40 hivi. Baadaye wataalamu wa kuandaa dawa waliipata fomula ya maji yake inayovumilia nyuzi 30 kwa miaka mitatu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilichapisha jaribio la wanawake karibu 30,000 katika nchi 10: katika kuzuia upotevu wa damu wa mililita 500 au zaidi, haikuwa nyuma ya oksitosini. Angalizo moja, hiyo ni ya baada ya mtoto kutoka tu. Hakuna anayeanzishia uchungu kwa karbetosini, maana athari yake haikatiki haraka ukitaka kusimamisha.

Na usidhani kugusa molekuli ni kazi ya kubahatisha. Vasopresini, homoni inayobana mishipa na kuzuia maji yasitoke kwenye mkojo, inatofautiana na oksitosini kwa asidi amino mbili tu, ya tatu na ya nane. Ndiyo maana mama aliyewekewa oksitosini nyingi na maji mengi kwa muda mrefu anaweza kubaki na maji mwilini hadi sodiamu ikashuka. Ukiisogeza molekuli kidogo, unaweza kuwa umehamia kwenye kipokezi cha jirani. Miaka thelathini ya yule mtafiti mliyesomewa, sehemu kubwa yake ni hiyo: kutafuta jinsi ya kumgusa mmoja bila kumwamsha mwingine.

Swali la pili, kama unaweza. Ndiyo, lakini usitarajie kuifanya yote kutoka hapa, na asikudanganye mtu. Iodini yenye mionzi na ukuzaji wa seli vinataka umeme usiokatika na mizigo inayofika kwa wakati. Hali ya mkoa wetu unaijua. Kinachowezekana hapa ni msingi imara: kemia ogania, takwimu, na kusoma Kiingereza bila kuogopa, kwa sababu Kifaransa peke yake hakikufikishi. Kanzidata za vipokezi ni za bure: muundo wa kipokezi cha oksitosini ulichapishwa 2020, unaweza kuufungua kwenye laptopu usiku huu kama intaneti ipo. Programu za kupachika molekuli kwenye kipokezi nazo ni za bure, na hapo nataka kukuonya. Naletewa memwari nyingi, yaani tasnifu za kumaliza masomo, ambamo mwanafunzi amepachika molekuli hamsini za mmea, zote zimepata namba nzuri, na hitimisho ni kwamba mmea unatibu. Programu itatoa namba nzuri hata ukiipachika sukari. Kama hukupachika pia molekuli ambazo tayari zinajulikana kuwa hazishiki, hujafanya utafiti.

Kuhusu masomo ya juu, mashirika ya vyuo vikuu vya Ubelgiji, ARES na VLIR-UOS, yamekuwa yakifadhili wanafunzi wa nchi yetu. Fuatilia tarehe zao mapema. Mshahara wa mtafiti hautakujengea nyumba Muhumba. Hayo yametosha.

Kuna mlango mwingine ambao watu hawautazami. Wadudu nao wana nyuropeptidi, na vipokezi vyao vinatofautiana vya kutosha na vyetu. Leuven kuna shule ya muda mrefu ya nyuropeptidi za nzige. Kwa mtu wa nchi yenye malaria na wadudu wa mashambani, hilo si la kudharau.

Sasa majani ya koko.

Miaka ya mwanzo ya uhuru daktari wa Norway, Lorents Gran, alikuwa Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, huko Kasai, pamoja na timu ya Msalaba Mwekundu. Aliona wanawake walio katika uchungu wakinywa chai ya majani waliyoyaita kalata-kalata ili mtoto atoke haraka. Uchungu ulikuja kwa nguvu, wakati mwingine kupita kiasi. Mmea ni Oldenlandia affinis, wa familia ya Rubiaceae; ni familia ya kahawa yetu, na ya mikinkona ambayo kiwanda cha Pharmakina hapa Bukavu kinatolea kwinini. Gran alirudi na mmea na kuchapisha kazi yake mwanzoni mwa miaka ya 1970: kinachobana mfuko wa uzazi ndani yake ni peptidi, akaiita kalata B1.

Hapo wataalamu walikuna vichwa. Peptidi iliyochemshwa, ikanywewa, ikapita tumboni, na bado ikafanya kazi? Jibu lilikuja 1995, muundo wake ulipochapishwa. Ina asidi amino 29, na haina mwanzo wala mwisho: ncha zimeunganishwa kuwa duara, na ndani ya duara madaraja matatu ya salfa yamefungana fundo. Vimeng'enya vinavyoanzia ncha havina pa kuanzia, na maji yanayochemka hayalifungui fundo. Leo peptidi za aina hiyo zinajulikana kwa mamia, nyingi kutoka familia ya kahawa na ya urujuani, na wanakemia wanazitumia kama fremu ya kupachikia vipande vya peptidi nyingine zisizovumilia tumbo. Wale mama wa Kasai walikuwa wakinywa jibu la tatizo ambalo makampuni yalikuwa bado yanalihangaikia. Historia inamtaja Gran kwa jina. Wao inawataja kwa jumla.

Lakini je, inapitia kipokezi cha oksitosini? Hapa ndipo pa kuwa makini. Mmea unatengeneza kalata kujilinda na wadudu, na kalata B1 inajulikana kwa kutoboa utando wa seli. Msuli uliotobolewa utando nao hubana. Ukiweka kipande cha mfuko wa uzazi wa panya kwenye maji, ukadondoshea dondoo, kikabana, hujathibitisha chochote kuhusu kipokezi. Mwaka 2013 kundi la Vienna na washirika wake walionyesha kwamba ndugu yake, kalata B7, kweli hukaa kwenye kipokezi cha oksitosini na kukiamsha, ingawa kwa unyonge: inahitaji maikromola mahali ambapo oksitosini inatosheka na nanomola, kipimo kidogo mara elfu. Wakatumia kipande chake kuchora peptidi mpya ya asidi amino tisa inayochagua kipokezi hicho na kuwaacha jirani zake. Kutoka kikombe cha chai cha Luluabourg hadi jina la kipokezi, nusu karne.

Kwa hiyo majani ya koko yako yanaingia hapo hasa, kwa masharti. La kwanza ni la usalama, na naliandika kwa kila anayesoma: mmea unaobana mfuko wa uzazi unaweza kuupasua, na mtoto akakosa hewa. Chai haina kipimo, na ikishanywewa haitolewi. Mama aliye na uchungu apelekwe maternite, na kama amekunywa majani, amwambie mkunga bila aibu. Hatumdharau koko, dawa yake ina nguvu, na ndiyo sababu ya kuiogopa.

La pili ni jinsi ya kuuliza. Dondoo la majani lina potasiamu nyingi, na potasiamu peke yake hubana msuli wowote. Kwa hiyo jaribio la kwanza kabisa ni maji yenye potasiamu kiasi kilekile bila majani. Kisha unaleta atosibani, kizuizi cha kipokezi cha oksitosini kinachotumika Ulaya kuchelewesha uchungu wa kabla ya wakati. Ukiitanguliza, na dondoo bado likabana vilevile, njia ni nyingine: pengine kemikali nyingine za mwili, serotonini au prostaglandini, pengine utando umetobolewa. Msuli ukitulia, sasa una hoja. Hatua ya baadaye, kwenye labo ya washirika, ni seli zenye kipokezi na seli zisizo nacho, pembeni kwa pembeni. Atosibani yenyewe ni mojawapo ya zile molekuli ambazo mtu alikaa miaka akizitengeneza, na leo ndiyo inayokupa haki ya kuandika "kipokezi" kwenye memwari yako.

La tatu ni koko mwenyewe. Mwombe ruhusa, mweleze utafanya nini na maarifa yake, na jina lake liandikwe kama chanzo akikubali. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa, inadai ridhaa na mgawanyo wa faida kwa wenye maarifa. Hata isingekuwepo, ni adabu ya kwetu.

Usianze na kemia. Anza na mmea, maana nimeona kazi nzuri zikianguka kwa sababu jina la mmea lilikuwa la kukisia. Majani matupu hayatoshi, wala unga wa sokoni Kadutu. Nenda Kabare, kata tawi lenye ua au tunda, likandamize ndani ya magazeti yaliyokauka, badilisha magazeti kila siku lisiote ukungu. Andika mahali, mwinuko, tarehe, jina la Kimashi kama koko anavyolitamka, na sehemu anayoitumia: jani, mzizi au gome. Tengeneza nakala zaidi ya moja. Lwiro kuna herbarium, hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Moja iache huko ipewe jina na namba, na hiyo namba ndiyo uje nayo kwangu.